Pitieni Darajani

Bangkalan, Samar
12 Februari 1995

Mdogo wangu Ludivina,

Nakusalimu kwa wingi wa mvua ya huku, na mvua ya huku unaijua. Sisi wazima. Wifi yako Rosenda ameacha kunisema kwa ajili ya tembo. Si kwamba nimeacha kunywa, amechoka tu kusema. Nyati wetu amezaa dume. Mbata imeshuka bei tena. Mama ana kikohozi kidogo na miguu inamvimba jioni, lakini bado anapanda mlima kuchimba mihogo, na ukimkataza anakuuliza kama wewe ndiye uliyemzaa.

Sasa sikia. Jumapili Mheshimiwa Arrieta alikuja mwenyewe. Uchaguzi ni Mei, nawe hukuzaliwa jana, lakini ngoja kwanza. Alivuka mto kwa chelezo kama sisi, suruali ameikunja, viatu ameshikiwa na katibu wake. Akapanda juu ya kreti akasema, "Watu wa Bangkalan, hii ndiyo mara ya mwisho mimi kuvuka hapa miguu mitupu. Kutoka kwenye fungu langu la ubunge, nawapa daraja."

Ludivina, watu walipiga kelele mpaka ndege wakahama. Kisha akasema, "Yuko wapi mama wa mwenyekiti?" Akampa Mama mwiko wa kujengea, aweke saruji ya kwanza. Mama akautazama mto kwanza. Unajua alikuwa anamwaza nani. Baba alifia ukingo huu huu, tumbo limemjaa kama ngoma, tunangoja mto upungue tumpeleke hospitali, na taa za mjini tunaziona.

Mheshimiwa alileta nguruwe mzima wa kuokwa. Ngozi iliyokauka vizuri waliila wa meza kuu, sisi tukapata mifupa na mchuzi, lakini siku ile nani alihesabu? Alinishika bega mbele ya watu wote: "Huyu nilimsimamia ndoa yake. Ni mwanangu."

Mama anataka kalamu. Namwachia.

*Mwanangu ule vizuri. Usilale na nywele mbichi. Rudi tuvuke pamoja. Mama yako Basilia.*

Kaka yako,
Wence


Milano
19 Machi 1995

Kaka Wence,

Shikamoo. Mbusu Mama mkono kwa niaba yangu, mara mbili, maana mwaka wa sita huu sijaubusu.

Mimi mzima. Bibi Ottavia ninayemtunza ameanza kuniita kwa jina la binti yake, na binti yake akija Jumapili anachukia. Baridi inaondoka shingo upande. Jana nilipika wali nikauunguza kwa makusudi, nipate ule ukoko wa chini na harufu ya jiko la kuni. Jirani akagonga akidhani nyumba inaungua.

Barua yako nimeisoma ndani ya tramu, nikapitiliza kituo. Daraja! Nimewaambia wenzangu wote kanisani. Nikifumba macho naliona: mimi natoka upande wa mjini na sanduku kichwani, viatu miguuni, viatu Kaka, na Mama amesimama ng'ambo. Siku niliyoondoka mlinivusha kwa chelezo kwenye mvua, na Mama alinifuata majini mpaka kiunoni. Wewe ndiye uliyemrudisha. Picha hiyo ndiyo ninayolala nayo, na nimeichoka. Nataka nyingine.

Nitakuja Krismasi. Ninaahidi.

Nitumieni picha ya daraja, hata kama ni mashimo tu. Na hiyo miguu ya Mama inayovimba, mpelekeni kwa daktari. Usiniambie "kidogo". Wewe kila kitu kwako ni kidogo, hata ulipovunjika mkono ulisema umeteguka.

Ludivina wenu


Bangkalan
4 Juni 1995

Mdogo wangu,

Uhali gani na huko kwenye joto lenu jipya? Huku tunashukuru. Rosenda anakusalimu, anauliza kama ni kweli wazungu wanakula konokono na bado wanatucheka sisi.

Mheshimiwa ameshinda, na kijiji chetu kilimpigia chote. Nguzo mbili zimesimama mtoni, kubwa, hata watu watatu hawawezi kuzikumbatia. Mafundi wameondoka kwa sababu ya mvua. Picha bado; kamera ya Padri haina filamu.

Mama yuko mjini kwa binamu Edeng, anapumzika. Ana mambo ya dawa kidogo. Mheshimiwa ametusaidia sana katika hilo, lazima niseme, ametusaidia sana. Kwa sababu hayupo hapa, safari hii hutaona mstari wake. Usiwe na wasiwasi.

Tufani ya kwanza imepita mbali. Mahindi yamesimama.

Kaka yako,
Wence


Milano
30 Julai 1995

Kaka,

Shikamoo. Mimi mzima, Bibi Ottavia mzima, hali ya hewa nzuri. Salamu zimeisha.

Jumapili nimekutana kanisani na Nenita, yule wa kijiji cha bondeni kwenu, amefika mwezi huu. Nikamwambia, "Ninyi mna bahati, mtapita kwenye daraja letu." Akaniangalia kama mtu aliyesikia tusi. "Daraja gani, dada? Zile nguzo mbili? Ndege ndio wanaotua pale." Nikamwambia mafundi wanangoja mvua iishe. Akacheka, Kaka. Akasema kuna bango kubwa ukingoni, sura ya Mheshimiwa imejaa meno, na maandishi: DARAJA HILI LIMEKAMILIKA. Akasema watu wanavuka kwa chelezo chini ya bango lile.

Wewe uliniandikia kwamba nguzo mbili zimesimama. Hukudanganya. Hukusema tu kwamba hakuna kingine.

Kisha akasema, "Pole kwa mama yenu." Mimi nikajifanya najua. Nilisimama pale mbele ya kanisa, najifanya najua habari za mama yangu mwenyewe, ili mgeni asione kwamba nyumbani hawaniambii kitu. Akasema amemwona hospitalini Tacloban, uso umevimba, amelala pembeni ya mashine.

Mashine gani? Niandikie kama mtu anayemwandikia mtu mzima. Nilipoondoka nilikuwa mdogo wenu. Sasa nina mvi, Kaka, umeniacha wapi?

Ludivina


Bangkalan
10 Septemba 1995

Ludivina,

Nimeikalisha barua yako mfukoni mpaka imelowa jasho. Sisi hatujambo, na hatujambo hiyo uichukue hivyo hivyo ilivyo.

Figo za Mama zimechoka. Kila wiki wanamsafisha damu kwa mashine kule Tacloban. Bila mashine, daktari anasema, ni kuhesabu majuma. Gharama yake hata ningeuza nyati, shamba na Rosenda mwenyewe isingetosha. Hospitali inakubali kitu kimoja: barua ya dhamana kutoka ofisi ya mbunge. Inatoka kwenye lile lile fungu lake. Fungu la daraja, ndugu yangu, ndilo fungu la figo.

Mwezi Mei, baada ya kura, katibu wake aliniita ofisini, Bwana Sabalones, yule aliyeshika viatu. Akanisogezea karatasi nitie sahihi kwamba daraja limeisha na kijiji kimelipokea.

Nikasema, "Lakini halijaisha."

"Litaisha. Karatasi inatangulia tu, kama tarumbeta mbele ya maandamano."

"Nitie sahihi maandamano yakifika basi."

Akacheka vizuri, bila hasira. Akasema, "Mama anaendeleaje? Barua yake ya wiki ijayo ninayo hapa hapa mezani, inangoja muhuri."

Nilitia sahihi. Nikamshukuru. Hilo ndilo linaloniuma kuliko sahihi, kwamba nilimshukuru na kumpa mkono.

Sasa Padri ameandika Manila, na wakaguzi wanakuja Oktoba kusikiliza watu ukumbini mjini. Nimeitwa. Bwana Sabalones naye ameniita kabla yao, kunikumbusha kwamba Mheshimiwa ndiye aliyenisimamia ndoa. Nikisema kweli, barua zitakoma. Nikisema uongo, daraja limekamilika milele, maana nani atajenga daraja ambalo tayari lipo?

Mama hajui lolote. Usimwandikie. Niambie nifanye nini. Wewe ulikuwa na akili darasani kuliko mimi.

Wence


Milano
8 Oktoba 1995

Kaka yangu Wence,

Shikamoo. Nimekuandikia mara kadhaa nikachana. Hii nitaituma kabla sijaisoma tena.

Barua ya kwanza nilikutukana. Ya pili nilikusamehe kama padri, nikajichukia. Mimi ningetia sahihi. Ningeuliza tu kalamu iko wapi.

Umeniuliza ufanye nini. Nataka Mama aishi, na nataka lile daraja. Vyote viwili. Ni vitu vya kawaida kabisa, Kaka. Hapa Bibi Ottavia anavyo vyote, figo na madaraja, na hakuna aliyemwambia achague. Ni nani aliyetufanya sisi tuchague, tena tumshukuru?

Siwezi kukuambia useme nini. Mimi sitakuwa ukumbini, na si mimi nitakayemshika Mama mkono wiki itakayofuata. Ila nitatuma nitakachoweza. Nimepata kazi nyingine ya kufagia ofisi alfajiri.

Na mimi nina la kwangu nililoliita kidogo. Krismasi siji. Sikuwa naweza kuja hata nilipoahidi, wala mwaka juzi, wala mwaka jana. Sina karatasi za ukaazi. Nikitoka, mlango unafungwa nyuma yangu. Wametuambia karatasi huenda zikatoka Juni ijayo kwa anayevumilia. Kwa hiyo navumilia. Nilikuwa naahidi kwa sababu kuahidi kulinifanya nione kama niko njiani.

Mwambie Mama chochote. Hapana. Mwambie nimemkumbuka mpaka mdomo umekauka.

Ludivina


Bangkalan
17 Desemba 1995

Mdogo wangu mpendwa,

Krismasi njema. Kwa mara ya kwanza tangu Juni naandika na Mama ameketi hapa, ananikagua kalamu. Amerudi nyumbani. Subiri, nitafika huko.

Usiku wa kuamkia kikao nilikuwa bado sijui nitasema nini, nimelala kwa binamu Edeng. Asubuhi natafuta shati, namkuta Mama amevaa gauni lake la misa.

"Unakwenda wapi?"

"Unakokwenda."

"Mama, hayo ni mambo ya ofisi."

Akasema, "Wence, kila nijapo nyumbani kuchukua nguo navushwa chini ya zile nguzo. Bango nalisoma. Chini ya meno ya Mheshimiwa kuna jina la mwenyekiti wa kijiji, jina nililokuchagulia mimi. Ulidhani figo zikioza, macho nayo yanaoza?"

Nilikaa kitandani. Nikamweleza barua za dhamana, ingawa alikwisha elewa. Akasema, "Baba yako alikufa akingoja daraja. Usinifanye mimi ndiyo sababu ya mwingine kufa akilingoja."

Ukumbini kulikuwa na mkaguzi mwanamke, mkali, na Bwana Sabalones mstari wa mbele. Mkaguzi akauliza, "Mwenyekiti, daraja la Bangkalan limekamilika?" Nikageuka kumtafuta Mama. Bwana Sabalones akasimama, mpole kama mhudumu wa mazishi. "Mheshimiwa mkaguzi, mwenyekiti amechoka. Mama yake ni mgonjwa sana."

Mama akasema kutoka nyuma, "Mama yake yuko hapa, na hajachoka."

Watu wakacheka, na mimi nikapata sauti. Nikasema, "Halijakamilika. Kuna nguzo mbili. Mimi ndiye niliyeandika limekamilika, nikijua." Nikaeleza na ile barua iliyokuwa ikingoja muhuri. Tulipotoka, Bwana Sabalones alinipita akanong'ona, "Kweli waliosema mfadhili mbuzi, binadamu atakuudhi." Mama akamjibu, "Mbuzi hapigi kura, baba."

Sasa yaliyofuata, maana nimekuahidi moyoni kwamba sitakuficha tena. Wiki ile ile barua zilikoma. Mimi nimesimamishwa uenyekiti na nimeshtakiwa, pamoja na mhandisi mmoja mdogo. Mheshimiwa amesema redioni kwamba alidanganywa na mwenyekiti aliyempenda kama mwanawe. Bango limeng'olewa. Nguzo zipo.

Fedha zako ziliendesha mashine Novemba yote. Kisha Mama akasema basi. Nimembembeleza, Rosenda amelia, Padri amekuja. Anasema mashine inaweza kumpa miezi, lakini haiwezi kumpa wewe, na kama ni kungoja anataka angojee nyumbani. Nimemwambia habari ya karatasi zako. Akasema, "Kwa hiyo naye yuko ukingoni, anangoja mto upungue."

Anachukua kalamu.

*Ludivina mwanangu. Usitume tena fedha. Nunua koti. Sina hasira na wewe wala na kaka yako. Jioni nakuona ukija. Mama.*

Wence


Bangkalan
25 Februari 1996

Mdogo wangu Ludivina,

Kama unaisoma ndani ya tramu, shuka kwanza.

Mama ametuacha Jumanne asubuhi. Hakuteseka mwishoni, alikuwa kwenye usingizi mrefu tangu Jumapili. Rosenda alikuwa anamchana nywele. Nilitaka kwenda mjini kukupigia simu, lakini yeye mwenyewe alikwisha nikataza. Alisema, "Simu atapokea jikoni kwa watu, itabidi aendelee kuosha vyombo. Mwandikie. Barua ina nafasi ya kulia." Nimemtii. Nisamehe kama nimekosea.

Tumemzika jana pembeni ya Baba. Kijiji kizima kilikuwepo, hata wale walioacha kunisalimia tangu kikao. Maana wapo, Ludivina. Wanasema ningenyamaza tungepata daraja la polepole, na shule ingepata bati.

Nikueleze jambo moja. Tulipokuwa tunatoka nyumbani na jeneza, ng'ambo ya mto likasimama gari la Mheshimiwa. Wakashuka vijana wanne na shada la maua kubwa kama gurudumu la trekta, utepe umeandikwa jina lake kwa herufi za dhahabu. Jina la Mama halikuwemo. Wakaanza kuita chelezo. Mwenye chelezo akanitazama mimi, na watu wote wakanitazama.

Sikupanga. Nilisikia tu nimepaza sauti: "Pitieni darajani!"

Hawakusikia vizuri. Wakauliza, "Wapi?"

Basi kijiji chote, Ludivina, wazee, watoto, hata wale wasionisalimia, wakapiga ukelele kwa pamoja: "Pitieni darajaniii!" Watu wakacheka huku wanalia. Mimi nilicheka mpaka waliobeba jeneza wakaniambia nikae sawa. Vijana wale wakaligeuza shada lao, wakalirudisha garini. Halikuenea, liliondoka likining'inia nje ya mlango.

Kesi yangu imeahirishwa tena. Wakili anasema huenda nikafungwa miezi michache, mhandisi naye. Mheshimiwa amemtangaza mkewe kugombea kiti chake uchaguzi ujao.

Tangu barua yangu ya Krismasi hujajibu. Sikulaumu. Kaa huko mpaka upate karatasi zako. Hakuna tena cha kukuharakisha.

Kaka yako anayekupenda,
Wence


Milano
28 Februari 1996

Kaka Wence,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo! Usinune kwa kimya changu. Barua yako ya Desemba ilinifikia katikati ya Januari, nami sikutaka kujibu kwa maneno matupu tena. Nilikwisha kukuahidi vya kutosha. Nikasema nitaandika siku nikiwa na tiketi mkononi.

Ninayo. Naiangalia hapa, nimeiegemeza kwenye bakuli la sukari.

Karatasi wabaki nazo. Nilikwenda kuwaambia kwamba siwezi kungoja Juni. Yule karani akaniuliza kama ninaelewa kwamba sitaruhusiwa kurudi. Nikamwambia ndiyo, ninarudi. Hakuelewa kwa nini nilicheka. Binti wa Bibi Ottavia amenilipa mpaka mwisho wa mwezi na kunipa koti lake la zamani, zuri, kola ya manyoya. Nitamvalisha Mama. Najua joto litamwua humo ndani, lakini atakataa kulivua, utaona.

Sina hofu ya maisha ya huko. Nitalima, nitauza wali wa nazi kwenye majani ya mgomba pale stendi mjini. Ukifungwa nitakuletea chakula gerezani, na usipofungwa utanisaidia kubeba. Nimechoka kuwa mtu wa kutuma. Nataka kuwa mtu wa kuitwa kutoka chumba cha pili.

Nafika mwishoni mwa Machi. Usije kunipokea uwanja wa ndege, usipoteze nauli. Njia naijua, na chelezo nitapanda, nimekwisha sahau kwamba niliwahi kutaka viatu.

Barua hii ikifika, mweleze Rosenda peke yake, atandike kitanda. Mama usimwambie siku. Ukimwambia atakaa mlangoni tangu alfajiri na ile miguu yake. Mwache tu aendelee na shughuli zake. Nataka niingie kimya kimya kwa mlango wa jikoni, nimkute.

Ludivina wenu